Amri Isiyopiga Kelele

Fomu ilikuwa na mistari sita ya saini, na mitano ilikuwa imeshajaa. Wa sita ulikuwa mtupu, na chini yake pamechapwa maneno Mbunifu wa Ulinzi wa Kumbukumbu. Karatasi hiyo ililala juu ya meza ya Mbishi tangu Jumatatu. Sasa ilikuwa Alhamisi, na kila aliyepita kwenda kuchukua maji aliitupia jicho karatasi, kisha akamtupia jicho mwenyewe, kama anavyotazamwa mgonjwa aliyekataa sindano.

Mbishi hakuwa mbishi. Jina hilo alibandikwa wiki yake ya kwanza kazini, miaka tisa nyuma, alipouliza swali moja katika kikao ambacho watu hawakuzoea kuuliza maswali. Ofisi ikacheka, jina likamganda, naye akaliacha ligande. Ukweli ni kwamba alikuwa bingwa wa kumeza maneno. Aliyameza asubuhi, akayameza mchana, na jioni akarudi nyumbani ameshiba.

Kazi yao pale ghorofa ya tatu ilikuwa kubuni chipu, ule moyo wa kompyuta. Hawakuitengeneza kwa mikono. Kiwanda kilikuwa mbali, tena kiwanda hakikosoi wala hakishauri. Ukikipelekea mchoro wenye kasoro, kinakurudishia kasoro laki moja zilizopangwa vizuri kwenye boksi. Wao walichora: chipu ielewe amri zipi, nani ana haki ya kutoa amri ipi, kipande kipi cha kumbukumbu ni cha nani. Chipu hii mpya ilikuwa na jambo lake. Ndani yake ziliweza kuishi kompyuta kadhaa za kujidai, mashine pepe, kila moja ikiamini kwamba chipu nzima ni yake peke yake. Juu yao kulikuwa na programu moja tu iliyokuwa bosi wa kweli, nayo iliitwa msimamizi. Mashine pepe ikijaribu jambo la kibosi, chipu ilipaswa kupiga kelele. Msimamizi anashtuka, anaangalia, anaamua: akubali, akatae, au amdanganye mgeni kidogo ili aendelee kujiona bwana.

Kijitabu cha mauzo kiliilinganisha chipu na nyumba ya wapangaji, kila mpangaji na chumba chake. Mbishi aliuchukia mfano huo. Mpangaji anajua kwamba ni mpangaji. Mashine pepe haijui, na usalama wote umejengwa juu ya kutojua kwake.

Wanunuzi walikuwa muungano wa hospitali. Walitaka kifaa cha kukaa kando ya kitanda, chenye chipu moja na mashine pepe mbili. Moja ya kioo cha wodi: jina la mgonjwa, ratiba, muziki kwa anayetaka muziki. Nyingine ya pampu inayodondosha dawa kwenye mshipa. Muziki usiguse dawa. Hilo ndilo lililokuwa sharti lao la kwanza kwenye mkataba, na ndilo lililokuwa kazi ya Mbishi. Kuta za kumbukumbu alizichora yeye, na aliringa nazo kimoyomoyo. Programu ikinyoosha mkono hata nukta moja kwenye kumbukumbu isiyo yake, kelele inapigwa papo hapo. Hakuna aliyewahi kupenya.

Ila chipu haikuzaliwa hewani. Msingi wake ulichorwa miaka ishirini na miwili iliyopita na Fundi Mkuu, aliyeanzisha kampuni akiwa na meza moja na kalamu za risasi. Katika msingi huo mlikuwa na amri iliyoitwa Rudisha Hali. Programu inapoitoa, inaieleza chipu mambo yawe vipi kuanzia sasa, na mojawapo ya mambo hayo ni hodi. Kila kitu hubisha hodi kwenye kompyuta: saa, vitufe, mtandao. Programu ikiwa katikati ya jambo nyeti husema, fungeni hodi kwanza, nimalize kuandika, ndipo mje.

Kufunga hodi ni haki ya bosi. Sasa asiye bosi akiamrisha hodi zifungwe, atendewe nini? Chipu za watu wengine hupiga kelele. Fundi Mkuu aliamua vingine, na sababu yake aliiandika mwenyewe kwenye kitabu cha mwongozo, ukurasa wa arobaini: “Programu ikiomba kisicho chake isiaibishwe. Ipewe kinachoruhusiwa, kilichobaki kiachwe bila maelezo.” Kwa hiyo chipu ilichukua ilichoweza, ikameza kilichobaki, na ikasonga mbele. Hakuna kelele. Aliyeomba aliondoka akidhani amepewa.

Enzi zile haikumdhuru mtu. Bosi alikuwa mmoja naye alijijua. Lakini mashine pepe ya pampu inajidhani ni bosi. Inafunga hodi, inaamini zimefungwa, inaanza kuandika kipimo kipya cha dawa. Tuseme kilikuwa kumi na tisa, sasa kiwe ishirini. Inaandika makumi kwanza. Kabla haijafika kwenye mamoja, hodi ya saa inaingia kwenye mlango ulio wazi, na pampu inaisoma namba ilivyo. Makumi mapya, mamoja ya zamani. Ishirini na tisa.

Aliyeiona kwanza ni Mpimaji, jirani yake wa meza, mtu mrefu mwenye kula biskuti saa zote na makombo kifuani saa zote. Aliiacha pampu ya majaribio ijiendeshe Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu ya wiki iliyotangulia akaikuta ile namba imejitokeza mara moja tu, kati ya namba maelfu.

“Macho yangu yamechoka,” alisema.

“Sogea,” alisema Mbishi.

Siku nne waliikalia kooni mpaka wakaipata sababu. Mpimaji alikuwa na majaribio elfu kumi na moja, yote yamepita kwa taa ya kijani, na alipoelewa kwa nini yamepita alishika kichwa. Kila jaribio aliliandika kutoka kwenye kitabu cha mwongozo. Kitabu kilisema Rudisha Hali inyamaze, chipu ikanyamaza, taa ikawaka kijani. Walikuwa wamepima kwa bidii kama chipu inakitii kitabu. Hakuna hata mmoja aliyepima kama kitabu kiko sawa, kwa sababu kitabu kiliandikwa na Fundi Mkuu, na Fundi Mkuu ndiye aliyewafundisha wote kusoma vitabu vya namna ile.

Mbishi ndiye aliyefundishwa kabla ya wote. Fundi Mkuu alikuwa mjomba wake, kaka mkubwa wa mama yake, tumbo moja.

Baba yake alipofariki yeye alikuwa na miaka kumi na mmoja, na mjomba aliwachukua yeye na mama yake wakaishi kwake, vyumba viwili vya nyuma, karibu na karakana. Alimlisha, akamvisha, akamsomesha mpaka mwisho. Hakuwahi kumpiga wala kumfokea. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuambiwa hapana. Ulikuwa unaomba jambo, na kama mjomba hakulitaka, aliendelea kula. Basi. Hukujibiwa leo, hukujibiwa kesho, na wewe ukijua adabu hukurudia. Wiki ya kwanza Mbishi aliomba redio ya marehemu baba yake ikae chumbani kwake. Mjomba aliendelea kula. Mwezi mmoja baadaye aliikuta karakana, imefunguliwa tumbo, na kwa vipande vyake mjomba alikuwa amemtengenezea ubao wenye swichi nane na taa nane, ili amfundishe jinsi mashine inavyohesabu. Ubao huo ndio uliomfanya Mbishi awe alivyo. Aliupenda. Na redio aliililia kimya, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumlaumu: hakuna aliyemkatalia.

Ndiyo maana siku waliyoishika amri ile, Mpimaji alishangaa kumwona mwenzake anacheka peke yake, tena kicheko kisichopendeza. Mbishi alikuwa ameutambua uso. Mjomba alikuwa amechora chipu inayoendelea kula ikiombwa.

Jumatatu iliyofuata, siku ileile ya fomu, alimwendea mjomba ofisini mapema, kabla watu hawajajaa. Chumba cha Fundi Mkuu kilikuwa na meza ya kuchorea ya zamani, kalamu zimechongwa na kupangwa kwa urefu, na fulana ya sufi imetundikwa nyuma ya kiti. Alikuwa na miaka sabini na macho makali kuliko vijana wake.

“Shikamoo, Fundi Mkuu.” Kazini hawakuitana kindugu, hilo lilikuwa sharti tangu siku ya kwanza.

“Marahaba. Kaa.”

Alimweleza kinagaubaga, dakika ishirini nzima, na karatasi ya matokeo akamwekea mbele. Akamweleza na dawa yake: swichi moja ndogo ndani ya chipu. Programu ya zamani inayoishi peke yake ikute ukimya wake uleule wa siku zote. Msimamizi akipokea wageni, awashe swichi, na Rudisha Hali ipige kelele kama amri nyingine. Kuchora upya na kupima upya, wiki saba.

Mjomba alisikiliza huku akiizungusha kalamu. Mbishi alipomaliza, mzee alitazama nje.

“Hebu nifungulie dirisha hilo,” alisema. “Kuna joto.”

Mbishi alifungua dirisha. Mchana wake fomu ikaletwa mezani kwake, ikiwa na saini nne. Jumatano ikapata ya tano, na ya tano ilikuwa ya Mpimaji.

“Nina watoto watatu, Mbishi,” alisema Mpimaji, akiongea na biskuti yake.

“Sijakuuliza.”

“Najua hujaniuliza. Ndiyo inaniuma.”

Mbishi alikasirika, na hakujilazimisha kutokasirika. Mtu huyu aliiona ishirini na tisa kwa macho yake. Mtu huyu alishika kichwa.

Na Alhamisi hiyo, saa sita mchana, mama akapiga simu.

“Mjomba wako amenipigia,” alisema mama.

“Amesemaje?”

“Hajasema kitu. Ameuliza kama u mzima.”

Mbishi alifumba macho. Katika ukoo ule, mjomba akimuuliza mtu kama fulani ni mzima, fulani anapaswa kuanza kutetemeka.

“Kuna karatasi ninatakiwa kusaini, mama. Sisaini.”

“Karatasi ya nini?”

“Inasema nimeikagua chipu na haina hatari. Ina hatari. Nikisaini itaingia kwenye pampu za dawa mahospitalini.”

“Mimi pampu siijui,” alisema mama polepole. “Ninachokijua ni tulipolala usiku baba yako alipozikwa, na nani alitufungulia. Mtu kama huyo humvunjii heshima mbele ya watu. Mwambie pembeni.”

“Nimemwambia pembeni. Amenituma nifungue dirisha.”

Simu ilibaki wazi bila neno kwa muda, halafu ikakatwa taratibu, kama mlango unaorudishwa na mtu mwenye adabu.

Alikaa akiitazama fomu. Tusidanganyane: alitaka kusaini. Aliitaka saini hiyo itoke mkononi mwake yaishe, arudi kuwa mtu mzuri. Alishika hata kalamu. Kilichomzuia hakikuwa ushujaa. Alimfikiria mgonjwa asiyemjua, amelala, kaamini kile kifaa chenye taa ya kijani, na dawa inadondoka haraka kuliko inavyotakiwa, na hakuna kinacholia. Kama kingelia, nesi angekuja. Kosa linalolia lina mwenyewe. Hili lilikuwa kosa linalomwua mtu kwa heshima zote. Akairudisha kalamu. Mchana wote uliobaki aliutumia kuandika programu ndogo ya kubisha hodi kwa fujo, mara elfu kwa sekunde, ili kinachotokea mara moja kwa siku mbili kitokee ndani ya dakika chache.

Ijumaa saa nne asubuhi wanunuzi walifika. Walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa mhandisi wa vifaa vya hospitali, mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, ambaye kwanza kabisa aliuliza choo kiko wapi na pili akauliza nani ataongea ukweli hapa, kwa sababu ana safari ya mchana. Watu walicheka. Fundi Mkuu alitabasamu, akaketi kichwani pa meza, akafungua kabrasha.

Mbishi aliingia wa mwisho. Kwapani alikuwa na ubao wa majaribio wenye chipu ya mfano, na mkononi fomu.

Fundi Mkuu alisoma ukurasa kwa ukurasa, kwa sauti ya mtu anayejua kusikilizwa. Alipofika wa nane, unaohusu ulinzi, alisoma mistari miwili na kufunua.

“Ukurasa wa tisa,” alisema. “Matumizi ya umeme.”

“Kabla ya wa tisa,” alisema Mbishi, “kwenye wa nane kuna jambo halijasomwa.”

“Matumizi ya umeme,” alisema Fundi Mkuu, “yamepungua kwa robo ukilinganisha na chipu iliyotangulia.”

“Fundi Mkuu, amri ya Rudisha Hali haipigi kelele.”

“Robo nzima. Na joto pia limepungua, kama mnavyoona kwenye jedwali.”

Meza yote iliangalia jedwali. Watu wazima tisa, wasomi, waliangalia jedwali la joto kwa makini ambayo jedwali lile halikuwahi kuyapata maishani. Mbishi aliijua hali hii vizuri mno. Hapa ndipo alipokuwa anakaa chini. Miaka thelathini, hapa ndipo alipokaa chini.

Akasimama. Akauweka ubao katikati ya meza, juu ya kabrasha la mtu, akatafuta waya wa kuunganisha na kioo cha ukutani. Waya ulikuwa upande wa pili. Hakuna aliyeinuka. Kisha Mpimaji, ambaye saini yake ilikuwa imekauka tangu Jumatano, akanyoosha mkono wake mrefu, akausukuma waya mpaka ukamfikia. Hakumtazama mtu.

Kioo kikawaka. Kushoto muziki, kulia namba ya matone, na juu taa ya kijani.

“Kulia ni pampu yenu,” Mbishi alimwambia mhandisi wa hospitali. “Nakipandisha kipimo na kukishusha, kati ya kumi na tisa na ishirini. Hakuna namba nyingine iliyoagizwa. Angalia tu.”

Namba zikaanza kupishana. Kumi na tisa. Ishirini. Kumi na tisa. Dakika ikapita. Fundi Mkuu alikuwa ameweka kidole kwenye ukurasa wa tisa, anasubiri kama anayesubiri mtoto amalize kulia. Dakika ya pili ikapita. Mbishi alianza kufikiri kwamba leo, leo hii, mashine itajitia utiifu. Ishirini. Kumi na tisa.

Ishirini na tisa.

Namba ilikaa pale kwa kupepesa jicho, kisha ikawa ishirini. Taa ilibaki kijani. Muziki uliendelea.

Mhandisi wa hospitali alivaa miwani yake. “Rudisha nyuma.”

Mbishi akairudisha, akaisimamisha.

“Hiyo imetoka wapi?”

“Pampu ilifunga hodi ili iandike kwa utulivu. Chipu haikuzifunga, na haikumwambia mtu kwamba haikuzifunga.”

“Na taa yangu ya kijani?”

“Taa inageuka ikisikia kelele. Hapakuwa na kelele.”

Mama yule alimgeukia Fundi Mkuu. “Mzee, ni kweli?”

Fundi Mkuu alifunua ukurasa wa kumi.

“Mzee,” alisema mhandisi, bila hasira, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuamsha watu wodini, “nimekuuliza.”

Kidogo kidogo, kama kitu kizito kinachosogezwa, kichwa cha Fundi Mkuu kikainuka. “Huo ni muundo,” alisema. “Si kosa. Mashine yangu ina adabu. Haimwaibishi anayeomba kisicho chake.”

“Mgonjwa wangu hahitaji pampu yenye adabu.”

“Kuna programu elfu za watu zinazoishi juu ya ukimya huo. Nikiugusa, kesho zote zinasimama, na simu zinapigwa hapa.”

Na hapo alisema kweli, na Mbishi hakutaka ipite bila kukiri. “Ni kweli,” alisema. “Zingesimama. Ndiyo maana kuna swichi. Za zamani zibaki zilivyo, kelele iwe kwa wageni tu. Nilikueleza Jumatatu.”

“Ulinieleza,” alisema Fundi Mkuu.

“Na jibu lako lilikuwa nini, mjomba?”

Neno lile lilidondoka mezani mbele ya watu. Miaka tisa hakuwahi kulitamka ndani ya jengo lile. Aliyekaa karibu na mlango akakohoa.

“Sikukujibu.”

“Nijibu sasa.”

“Hapa si mahali.”

“Pembeni nilikuja, na jikoni kwako nilikuja, na karakana nilikuja tangu nina miaka kumi na mmoja.” Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. “Uniambie mbele ya hawa. Amri ile ipige kelele kwa wageni, ndiyo au hapana?”

Mzee alimtazama. Hakumtazama kama mfanyakazi wala kama mtoto. Alimtazama kama mtu anayeuona mlango mahali alipojua pana ukuta.

“Hapana,” alisema. “Nikiwa hai, amri ile haiguswi.”

Mbishi alikuwa amejiandaa kwa mengi. Hakuwa amejiandaa kwamba neno hapana litamfurahisha. Lilimchoma, na hapohapo lilimwondolea mzigo uliomlemea tangu utotoni, kwa sababu sasa lilikuwepo, limesemwa, lina mwenyewe, na mtu anaweza kusimama upande wake wa pili. Akaivuta fomu. Kwenye mstari wa sita hakuweka saini. Aliandika: Nimekataa. Amri ya Rudisha Hali haipigi kelele ikitolewa na mashine pepe, na inaweza kumwua mgonjwa. Akaandika jina lake lote, la kwake na la baba yake, akaweka tarehe, akaisukuma karatasi mpaka mbele ya mhandisi.

Mama yule aliisoma, akaisoma tena, akaikunja mara mbili na kuitia kwenye mkoba. “Hii naondoka nayo,” alisema. “Siku mstari wa sita utakapokuwa na saini badala ya maneno, mtupigie.” Akawaangalia wenzake, wakainuka.

Walipotoka, Fundi Mkuu alikuwa anazipanga karatasi zake ziwe sawa pembe kwa pembe.

“Acha kadi yako ya kazi mezani,” alisema, bila kuinua macho.

“Siiachi.”

Mikono ya mzee ikasimama.

“Ukinifukuza, nifukuze,” alisema Mbishi. “Niandikie barua, utaje sababu, utie saini yako. Mpaka hapo Jumatatu saa mbili nitakuwa kwenye meza yangu nachora ile swichi. Siondoki bila maelezo.”

Akauchomoa ubao wake, akauchukua, akatoka. Nyuma yake alisikia kiti kikisukumwa, na sauti ya Mpimaji, kavu, yenye makombo: “Fundi Mkuu, na mimi ile saini yangu naomba niifute.” Hakusubiri kusikia jibu.

Alishuka ngazi za ghorofa mbili. Akakaa palepale kwenye ngazi, ubao mapajani, akampigia mama kabla hajapigiwa na mwingine.

“Umesaini?” aliuliza mama.

“Sijasaini. Nimemkatalia mbele ya wageni. Na yeye amenikatalia. Pengine sina kazi.”

Upande wa pili pakawa kimya. Bomba la maji lilikuwa linatiririka, kisha likafungwa. Mbishi aliujua ukimya huo kila pembe yake. Ndani yake alikulia, ndani yake mama alizeekea, na alijua kwamba sasa hivi simu itarudishwa taratibu, na Jumapili wataongea habari za mvua, na hili halitasemwa tena mpaka mmoja wao afe.

“Mama,” alisema, “usinyamaze. Kama nimekuudhi, nigombeze.”

“Nini?”

“Nigombeze. Niko hapa. Nasikiliza.”

Mama alivuta pumzi, ndefu, ya mtu anayeinua ndoo.

“Huna adabu,” alianza. “Tena huna haya. Mtu amekulea, amekuvisha, leo unamwinulia sauti mbele ya wageni wake, na ile redio ya baba yako, ile redio, mimi pia niliitaka, unafikiri sikuitaka, miaka yote hii unafikiri mama yako hana...” Sauti ikapasuka, ikajikusanya, ikaendelea, kali kuliko mwanzo, ikapanda ngazi zote mbili hata aliyepita na faili akageuka. Mbishi aliibana simu sikioni, machozi yanamtoka, na kila mama alipotua kutafuta pumzi, alimwambia, “Ndiyo, mama. Endelea.”